Sudosisti ya kongosho: maswali matatu kabla ya kushika sindano

Mgonjwa ameishi na uchochezi sugu wa kongosho miaka kadhaa. Sasa maumivu ya chembe yanapenya hadi mgongoni, akila vijiko vitatu ameshiba, na ripoti ya ultrasaundi inasema kuna kifuko cha maji cha sentimita 8. Daktari mwenye haraka huwaza kukitoboa. Mimi hujiuliza kwanza: kweli hii ni sudosisti? Kuna ateri iliyotutumka humo ndani? Na mfereji wa kongosho una hali gani?

Hatua ya 1: Uliza ilikotoka

Sudosisti ni mkusanyiko wa majimaji yenye vimeng'enya, uliozungukwa na ukuta wa kovu usio na tabaka la seli kwa ndani. Katika ugonjwa sugu, mfereji huzibwa na jiwe au kovu, shinikizo likapanda nyuma yake, kisha majimaji yakatafuta pa kutokea. Ndiyo maana huenda usisikie habari ya shambulio kali la karibuni.

Ila ukikuta kifuko kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kongosho hata siku moja, liweke kando jina la sudosisti. Huenda ni uvimbe wenye ute, aina inayoweza kugeuka saratani, na kuuunganisha na mfuko wa chakula ili maji yatoke ni kosa gumu kurekebisha.

Hatua ya 2: Picha, na hasa awamu ya ateri

Ultrasaundi inafaa kugundua na kufuatilia. Kuamua matibabu, taka CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya mshipani, iliyopigwa awamu ya ateri na ya vena, yaani dawa ikiwa kwenye ateri, kisha ikiwa imefika kwenye vena. Pima umbali kati ya kifuko na mfuko wa chakula. Ukizidi milimita 10, kukitoboa kwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitia mdomoni) kunakuwa na mashaka. Angalia kama vena ya bandama imeganda, maana hapo mishipa ya mfuko wa chakula huwa imejaa damu na njia yako inapita katikati yake.

Niliwahi kupokea mgonjwa aliyeandaliwa tayari kutobolewa, CT yake haina awamu ya ateri, na hemoglobini imeshuka bila maelezo. Tulirudia picha: katikati ya kifuko paling'aa doa la ukubwa wa punje ya mahindi, liking'aa sawasawa na aota, ateri kuu ya mwili. Ilikuwa ateri ya bandama iliyoliwa na vimeng'enya. Mgonjwa wa namna hiyo huanzia kwa mtaalamu wa kuziba mishipa kupitia katheta, kifuko kitasubiri.

MRI ya mifereji ndiyo inayoonyesha kovu, jiwe na mahali mfereji ulipokatika. Pia hufichua mabonge ya tishu iliyokufa ambayo CT huyaonyesha kama maji matupu. Yakiwepo mengi, stenti (vijibomba vya kupitishia maji) nyembamba zitaziba.

Hatua ya 3: Maji, pale tu penye shaka

Si kila kifuko kinahitaji kupimwa maji. Ukiwa na shaka, yavute kwa ultrasaundi ya endoskopi. Amilesi, kimeng'enya cha kongosho, ikiwa chini ya yuniti 250 kwa lita karibu inaiondoa sudosisti kabisa. CEA, protini inayotumika kama alama ya uvimbe, ikiwa juu ya nanogramu 192 kwa mililita inaelekeza kwenye uvimbe wa ute. Weka pia tone kati ya kidole gumba na cha shahada, uvitenganishe taratibu. Likivutika kama uzi wa bamia, una ute mkononi. Maji ya sudosisti hukatika mara moja.

Hatua ya 4: Amua

Kanuni ya zamani ya sentimita 6 na wiki 6 imepitwa. Ukubwa peke yake si sababu ya kutoboa. Asiye na dalili mfuatilie kwa picha, na ukazanie aache pombe na sigara. Wanaotibiwa ni wenye maumivu yasiyoisha, kutapika kwa sababu njia ya chakula imebanwa, macho ya njano, maambukizi, au kifuko kinachoendelea kukua.

Hatua ya 5: Toa maji

Kifuko kilichoegemea mfuko wa chakula hutobolewa kwa endoskopi ikiongozwa na ultrasaundi yake: sindano, waya, upanuzi wa tundu, kisha stenti mbili za plastiki zenye ncha zilizojikunja. Kwa maji yasiyo na mabonge, mimi hutosheka na hizo za plastiki. Kifuko kidogo kinachowasiliana na mfereji hupitiwa kwenye papila, mlango wa mfereji ndani ya utumbo. Upasuaji wa kukiunganisha na utumbo ni wa pale endoskopi inaposhindwa, au kongosho lenyewe linapohitaji kufanyiwa kazi. Mrija wa kupitia ngozi nauweka kwa mwenye maambukizi aliyezidiwa. Mfereji ukiwa umeziba, tundu lile huweza kuvuja miezi.

Hatua ya 6: Rudi kwenye mfereji

Kifuko kikinywea huku jiwe au kovu limebaki, kitarudi. Tibu kizuizi hicho, pima sukari, na mpe vimeng'enya anayeharisha mafuta. Mfereji uliokatika kabisa ni sababu ya kuziacha stenti za plastiki mahali pake muda mrefu. Stenti ya chuma yenye midomo mipana haisubiri hivyo: baada ya wiki 3 au 4 rudia CT, kisha itoe, kwani kifuko kikishanywea ncha yake huanza kukwaruza mishipa. Tarehe ya kuitoa naiandika kwenye kadi ya mgonjwa kabla hajashuka kitandani.