Somo: Kumchagulia vitabu mtoto anayesubiri kidato cha kwanza

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Kwetu Tabora miezi hiyo ya katikati ndiyo ya kutayarisha mashamba na, mvua zikishashika, ya kupanda, kwa hiyo somo hili linamlenga mtoto mwenye saa moja ya jioni, si siku nzima. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili atakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi hukwama.

Hatua ya kwanza: msikilize kabla ya kwenda dukani. Mpe ukurasa wowote wa Kiingereza ausome kwa sauti, kisha akusimulie kwa Kiswahili alichoelewa. Wapo wanaosoma kama watangazaji wa redio na wasiambulie kitu.

Hatua ya pili: pima kitabu kwa ukurasa, si kwa jalada. Kifungue katikati, mtoto asome huku akikunja kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kirudishe rafuni, hata kama jalada linasema ni cha kidato cha kwanza. Wazazi wengi hununua vitabu vya kiada mapema kwa fahari, na mtoto huvifungua mara mbili tu. Mimi ningeanza na hadithi fupi za Kiingereza za darasa la nne au la tano, bila kuona haya, kwa sababu mtoto anayekutana na vitenzi vilevile vya wakati uliopita ukurasa baada ya ukurasa, katika kisa cha mbuzi aliyepotea ambacho anataka kujua mwisho wake, huvizoea bila kuvikariri. Akimaliza vitabu vitatu vya namna hiyo, panda ngazi moja na upime tena.

Hatua ya tatu: ongeza kimoja cha Kiswahili. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert ni kifupi na kinafaa, ingawa lugha yake inahitaji utulivu. Tamthiliya na riwaya za kidato cha tatu na cha nne zisubiri.

Hatua ya nne: tafuta chochote kinachohusu historia ya hapa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, na mtoto aliyesoma habari za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, kisha akapelekwa Kwihara kuiona tembe alimokaa Livingstone, ataingia darasani na jambo la kusema.

Kama fedha hazitoshi, ulizia maktaba ya mkoa, au tumia simu kuingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada husomwa bure.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Urambo: Shikamoo mwalimu. Je, kamusi ni lazima?
Jibu: Marahaba. Inasaidia, lakini asiifungue kwa kila neno, maana hadithi itapoa. Apige mstari wa penseli, amalize ukurasa, kisha atafute maneno mawili au matatu yaliyomzuia kuelewa.

Mzazi, Nzega: Wangu yuko tuisheni ya maandalizi ya kidato cha kwanza. Bado asome hadithi?
Jibu: Asome. Kagua daftari lake la tuisheni: ukiona limejaa yaliyonakiliwa ubaoni tu, basi hadithi za jioni ndizo zitakazomfundisha lugha.

Mlezi, Sikonge: Mimi Kiingereza sikijui. Nitajuaje kama amesoma kweli?
Jibu: Akusimulie kwa Kiswahili, nawe umuulize kwa nini mhusika alifanya vile. Akijibu, mwambie akuoneshe kwa kidole mstari unaosema hivyo na akutafsirie neno kwa neno. Kesho yake rudia swali hilohilo kuhusu mstari uleule. Aliyebuni jana, leo atatoa tafsiri nyingine.