Uyoga wa masikio: namna ya kuujua na kuupika (usiloweke usiku kucha!)

Masika ikikolea huku Tanga, zunguka nyuma ya nyumba kwenye lile gogo la mwembe mlilokata mkaliacha lioze, kama lina kivuli unaweza kukuta vitu vya kahawia vimebandikana kama masikio ya mtu, laini halafu vinateleza. Wengi wanavipita tu, mi nachukua kisu.

Kuutambua usiwe na haraka. Shika mmoja uukunje kama unavyokunja sikio lako, ukijikunja ukarudi kama mpira sawa, ukikatika kak! uache, hiyo ni kuvu nyingine yenye umbo la kikombe. Mgongoni una vinyweleo kama vya mahameli, ndani laini au una mikunjo kama wavu. Ukiona mwavuli wenye vipande vyembamba kama kurasa za kitabu chini yake, achana nao. Na mara ya kwanza nenda na mtu anayeujua, usijaribu kwa picha za kwenye simu.

Sasa kuhusu ukoo, hapa watu wanachanganya kwelikweli, eti uyoga wote unaoteleza kama jeli ni ndugu. Wapi! Huu wetu ni Auricularia, jina limetoka Kilatini, maana yake sikio dogo. Ule mweupe kama ua la karatasi ni Tremella, klasi (yaani kundi kubwa la kisayansi) nyingine kabisa, na wenyewe unamnyonya kuvu mwenzie aliyemo kwenye mti. Vile vidogo vya njano ni Dacrymycetes, nao wana klasi yao. Kinachowatenga ni seli inayobeba mbegu, uione kwa hadubini: ya Auricularia ina pingili kama muwa, ya Tremella imepasuliwa kwa urefu vipande vinne kama chungwa, ya hao wa njano ina panda mbili kama manati.

Jikoni, kata kile kishina kigumu, osha mchanga. Ukiwa mwingi anika kwenye ungo mpaka ukakamae, unakaa miezi. Siku ya kupika loweka maji ya vuguvugu nusu saa tu, unavimba mara kadhaa kwa hiyo konzi moja inatosha familia. Usiulaze kwenye maji na joto letu hili jamani, kuna bakteria wanaitwa Burkholderia gladioli wanatoa sumu ambayo hata uchemsheje haitoki, China watu wamekufa. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda muulize daktari kwanza.

Halafu ukamue. Mi siku ya kwanza niliutupa na maji yake kwenye mafuta ya moto, ukaruka paa! nikakimbilia uani, shangazi anacheka tu, "Mwanangu, hicho si dagaa, kamua kwanza!"

Kaanga kitunguu, swaumu, nyanya, tia uyoga na tui jepesi, uchemke robo saa, mwisho tui zito na ndimu. Wenyewe hauna ladha, utamu wake uko kwenye meno, unatafuna kru kru huku umenyonya mchuzi wote. Kwa wali, au kwa bada, ule ugali wa muhogo, kama mnalo.