Jinsi ya kutafuta ubovu katika injini ya kabureta inayogoma kuwaka asubuhi ya baridi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wenye pikapu za zamani zinazotumia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke), hasa Toyota Hilux za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zenye injini ya 18R ya cc 1968, ambazo hadi leo zinabeba viazi na mbao katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Njombe na Makete huwa na baridi kali, na huko Kitulo sakitu hulala juu ya majani, hivyo gari ambalo likiwa Dar es Salaam huwaka mara tu ufunguo unapozungushwa linaweza kugoma kabisa.

Gari likigoma hivyo, mara nyingi kitu cha kwanza kufunguliwa ni kabureta. Kwa maoni yangu hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu skrubu za kabureta zikishachezewa kabla ya chanzo kujulikana, mwenye gari hubaki na matatizo mawili: lile la awali na lile alilolitengeneza fundi. Utaratibu ninaoueleza hapa unaanzia kwenye betri na stata, unakwenda kwenye cheche, kisha kwenye choki na petroli, na kabureta inafunguliwa pale tu dalili zinapoielekea.

Kazi hii ifanyike asubuhi, gari likiwa halijawashwa tangu jana. Ukilipeleka gereji saa sita mchana likiwa na moto, fundi hataona ubovu wowote na atabaki kubahatisha. Andaa mita ya umeme, fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo), spana ya plagi, msasa laini, kitambaa kikavu na plagi moja nzima ya akiba.

Kinachoifanya injini igome

Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Manifodi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda) ikiwa ya baridi, sehemu kubwa ya petroli inayotoka kwenye kabureta hunata kwenye kuta zake, na mchanganyiko unaofika kwenye silinda unakuwa mwepesi mno kushika moto. Choki hupunguza hewa inayoingia ili petroli izidi na upungufu huo uzibwe. Wakati huohuo nguvu ya betri hupungua na oili huwa nzito, kwa hiyo stata hupata umeme mdogo katika saa ileile ambayo kazi yake imeongezeka.

Kimo nacho kina athari yake. Njombe mjini ni takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, ilhali jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopima petroli, hazitambui tofauti hiyo. Gari lililorekebishwa pwani likifika huko hupata petroli nyingi kuliko hewa, na dereva akiivuta choki yote huku akikanyaga aksileta mara kwa mara, plagi hulowa kabla injini haijawaka hata mara moja.

Hatua ya kwanza: sikiliza injini inavyogoma

Vuta choki, kanyaga aksileta mara moja hadi chini kisha uiachie, halafu piga stata kwa sekunde zisizozidi 10. Sikiliza kwa makini, kwa maana kuna namna tatu za kugoma na kila moja ina njia yake. Kama stata inazungusha injini polepole, nenda hatua ya pili. Kama inazungusha kwa kasi lakini injini haionyeshi dalili yoyote ya kutaka kuwaka, anza na cheche. Kama injini inawaka kisha inazima, chanzo kinaweza kuwa choki, petroli au resista ya koili (koili ndiyo inayokuza umeme wa betri hadi utoe cheche, na resista hupunguza umeme unaoingia humo). Pumzisha stata kwa nusu dakika kati ya jaribio moja na jingine.

Hatua ya pili: betri na stata

Pima betri kabla ya kugusa ufunguo. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; volti 12.0 ni betri iliyokaribia kuisha hata kama taa zinawaka vizuri. Kisha mtu mwingine apige stata wakati wewe unaangalia mita. Volti zikishuka chini ya 9.6, ama betri imechoka ama stata inakula umeme kupita kiasi. Zikibaki juu na injini bado inazunguka polepole, kagua vichwa vya betri na waya wa hasi unaokwenda kwenye injini: fungua, safisha kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza. Kagua pia oili iliyomo. Oili nzito ya namba 40 inayofaa joto la pwani huilemea stata asubuhi ya nyuzi joto chache, na 20W-50, ambayo huwa nyepesi zaidi ikiwa baridi, ni bora zaidi kwa injini hiyo.

Hatua ya tatu: cheche

Chomoa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, na uilaze chuma chake kikigusa injini, mbali na kabureta na mbali na petroli yoyote iliyomwagika. Usiishike kwa mkono mtupu. Piga stata. Cheche nzuri ni ya bluu na huonekana wazi. Cheche ya njano iliyo nyembamba inaweza kuiendesha injini yenye moto, lakini haitoshi kuwasha mchanganyiko wa baridi, na hiyo ndiyo sababu gari hilohilo huwaka bila shida mchana.

Cheche ikiwa dhaifu, fungua kava la distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Asubuhi ya ukungu utakuta unyevu kwa ndani. Ufute kwa kitambaa kikavu, kisha likague kava kwenye mwanga ukitafuta ufa au mstari mweusi mwembamba unaotoka kwenye ncha moja hadi nyingine. Mstari huo ni njia ambayo umeme unapotelea, na kava lenye mstari huo libadilishwe. Angalia pointi: zikiwa zimeungua zisafishe au uzibadilishe, na uzipange kwa milimita 0.45 zikiwa zimefunguka kabisa. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.8.

Resista ya koili, ambayo mara nyingi ni kipande cha kauri kilichofungwa pembeni ya koili, inastahili kuangaliwa kwa uangalifu kwa sababu hupotosha mafundi wengi. Wakati stata inazunguka, koili hupata umeme wa betri moja kwa moja. Ufunguo ukiachiwa, umeme hupitia kwenye resista. Kwa hiyo injini inayowaka stata ikiwa inazunguka na kuzima papo hapo unapoachia ufunguo inaashiria resista iliyokatika. Ikiwa kinyume chake, yaani injini inashika pale tu unapoachia ufunguo, kagua waya unaopeleka umeme kwenye koili wakati wa stata. Katika hali zote mbili kabureta haihusiki.

Hatua ya nne: choki na petroli

Zima swichi, toa kichungi cha hewa na uangalie koo la kabureta. Choki ikiwa imevutwa yote, bati lake lifunge kabisa. Mara nyingi kebo imelegea, na kitasa kikivutwa hadi mwisho bati bado limeacha upenyo wa kidole. Rekebisha kebo kwanza, kwani huenda kazi ikaishia hapo. Kisha kanyagisha aksileta huku ukichungulia ndani: ni lazima uone petroli ikiruka kwa nguvu kutoka kwenye mdomo mdogo ulio juu ya koo. Isiporuka, bakuli la floti (linalotunza petroli ndani ya kabureta) ni tupu au pampu ndogo ya kabureta imekufa.

Kabureta nyingi za Toyota za wakati huo zina kidirisha cha kioo ubavuni mwa bakuli, na petroli inatakiwa ionekane katikati yake. Kiangalie jioni unapozima gari, na ukiangalie tena asubuhi. Kama jioni kilikuwa sawa na asubuhi hakionyeshi kitu, petroli inapotea usiku. Na ukipiga stata kwa muda mrefu bila kidirisha kujaa, kagua valvu za pampu ya mafuta na mipira yake, maana mpira wenye ufa huingiza hewa na kuiacha petroli irudi kwenye tangi.

Chunguza pia petroli yenyewe. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uisubiri ikauke. Petroli safi hukauka bila kuacha doa, lakini iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta, na mchanganyiko wa namna hiyo hautoi mvuke wa kutosha asubuhi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama maalumu za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, ila petroli iliyonunuliwa kwenye madumu haina mdhamini.

Plagi zikitoka zimelowa petroli, injini imezidiwa. Zikaushe na uzirudishe, rudisha choki ndani, kandamiza aksileta hadi chini bila kuiachia, kisha piga stata ili hewa isafishe silinda. Kumimina petroli kwenye koo la kabureta wakati stata inazunguka kumeunguza watu nyuso na mikono. Nasisitiza usifanye hivyo, wala usimruhusu fundi afanye hivyo kwenye gari lako.

Kama cheche, choki na petroli vyote viko sawa, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya psi 14, au zote zikiwa chini, tatizo liko kwenye valvu, ringi au gasketi.

Hatua ya tano: baada ya kuwaka

Injini ikishika, rudisha choki kidogo kidogo kadiri inavyopata moto. Ikitoa moshi mweusi na kuzima ndani ya sekunde chache, kagua dayaframu inayofungua choki kidogo baada ya injini kuwaka, kwani ikipasuka choki hubaki imefunga. Ikiwa injini inazima kila choki inaporudishwa, hata ikiwa na moto, hapo ndipo kabureta ifunguliwe: jeti ya silensa (inayolisha injini aksileta ikiwa haijakanyagwa) imeziba, au solenoidi yake (valvu ndogo ya umeme) haipati umeme. Washa swichi bila kupiga stata, na usikilize kama solenoidi inagonga. Ikiwa inagonga, toa jeti na uipulize kwa upepo wa kompresa, usiichokonoe kwa waya kwa sababu tundu lake likipanuka halirekebishiki. Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe taratibu hadi ikae, ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo, ili wakati wa kufunga uirudishe palepale ilipokuwa.