Foleni ya mashine ya kusaga: jinsi ya kuiiga kwa kompyuta ukitumia namba nasibu

Kila baada ya mavuno, mwenye mashine ya kusaga huku Uyole, Mbeya, hujikuta na swali lilelile: wateja wanalalamika kukaa sana, je, anunue mashine ya pili? Akipiga hesabu ya haraka haoni sababu. Mteja huja kila baada ya dakika 10 hivi, na kumsagia mteja mmoja huchukua kama dakika 9. Tisa ni chini ya kumi, basi mashine inawamudu. Ila benchi la nje limejaa watu na ndoo zao, na wengine wameshahamia mashine ya mtaa wa pili.

Tatizo la hesabu ile ni kwamba imeshika wastani na kuacha mengine yote. Wateja hawaji wamepangwa. Wanakuja watatu kwa mpigo, kisha kunakuwa kimya robo saa. Mmoja ana nusu debe, anayemfuata ana gunia zima na anataka likobolewe kwanza. Dakika ambazo mashine ilikaa bure hazihifadhiwi zije zimsaidie mtu baadaye. Foleni inatokana na huko kupanda na kushuka, na njia nzuri ya kuliona hilo ni kuiga siku nyingi za kazi ndani ya kompyuta, mapengo kati ya wateja na muda wa kusaga vikichaguliwa kwa namba nasibu, yaani namba zinazotoka kwa bahati kama za dadu.

Mbinu hii huitwa Monte Carlo, jina la mji wa kamari wa Monaco. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapata nafuu baada ya kuugua, alikuwa akicheza karata za mtu mmoja akataka kujua uwezekano wa kushinda. Aliona ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kukokotoa. Wazo alimpelekea mwanahisabati mwenzake John von Neumann, wakalitumia Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, katika hesabu za nyutroni, na mwaka 1949 Nicholas Metropolis na Ulam wakachapisha makala yenye jina hilo. Hesabu za foleni ni za zamani zaidi: Mdenmark A. K. Erlang alizianza katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1909.

Nimechagua foleni kwa makusudi. Jibu lake katika hali rahisi linajulikana kwa kanuni, kwa hiyo unaweza kuipima programu yako kabla ya kuiamini. Mwanafunzi asiyejifunza kupima hivyo mapema huja kuamini namba yoyote inayotokea kwenye skrini.

Hatua ya 1: Kaa na daftari

Kabla ya kompyuta, kaa pale mashineni na daftari. Andika mambo matatu kwa kila mteja: saa aliyofika, saa aliyoanza kusagiwa, saa aliyomaliza. Fanya hivyo siku ya kawaida na siku ya gulio, asubuhi na jioni, wala usizichanganye kurasa zake. Andika pia umeme ulipokatika na mkanda uliporuka.

Usimuulize mwenye mashine "kwa kawaida inachukua muda gani?" Atakupa wastani anaoukumbuka, na wewe unatafuta kile ambacho wastani unaficha.

Hatua ya 2: Geuza namba nasibu kuwa dakika

Kompyuta hutoa namba kati ya 0 na 1, zote zikiwa na nafasi sawa. Sisi tunataka mapengo kati ya wateja. Watu wengi wanapokuja kila mmoja kwa wakati wake bila kupangana, mapengo mafupi huwa mengi na marefu huwa machache, na kanuni inayoyafuata vizuri ni hii:

pengo = −wastani × LN(U)

U ni namba nasibu, na LN ni logi asilia, kitufe kilichopo kwenye kikokotoo chochote cha sekondari. Kwa wastani wa dakika 10, U ikiwa 0.9 unapata pengo la dakika 1.05; ikiwa 0.5 unapata 6.93, ikiwa 0.1 unapata 23.03. Kwenye jedwali la Excel unaandika =-10*LN(RAND()) na kuivuta chini.

Namba hizi si nasibu kwa asili. Zinatengenezwa kwa hesabu, na hesabu mbovu huharibu kila kitu kilichojengwa juu yake. Miaka ya 1960 kompyuta za IBM zilitumia kanuni iliyoitwa RANDU: unazidisha namba iliyopita kwa 65539, unabaki na salio la kugawanya kwa 2 kipeo cha 31. Kwa macho zinaonekana zimechanganyika vizuri. Lakini ukizichukua tatu tatu zinazofuatana na kuzichora kama nukta angani, zote zinaangukia kwenye bapa 15 tu. Python, lugha ya kompyuta tutakayoandikia programu yetu, leo inatumia kanuni iitwayo Mersenne Twister, iliyochapishwa na Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1998, na kwa kazi yetu inatosha kabisa. Usiitumie kutengeneza nywila, kwa sababu anayeona matokeo ya kutosha anaweza kubashiri yanayofuata.

Hatua ya 3: Fanya kwa mkono kwanza

Naisisitiza hatua hii kuliko nyingine zote. Mwaka 1952 mwanatakwimu David Lindley alionyesha kwamba subira ya mteja anayefuata, yaani dakika anazokaa kwenye foleni, hupatikana kwa mstari mmoja: chukua subira ya mteja wa sasa, jumlisha muda wa kumsagia, toa pengo kabla ya anayefuata kufika. Ikitoka hasi, andika sifuri.

Tuseme wastani wa pengo ni 10 na wa kusaga ni 8. Kwa kusaga namba nasibu zimetoka 0.27, 0.55, 0.81, 0.44, yaani dakika 10.5, 4.8, 1.7 na 6.6. Kwa mapengo zimetoka 0.62, 0.91, 0.35, 0.08, yaani 4.8, 0.9, 10.5 na 25.3.

Mteja wa kwanza hasubiri. Wa pili: 0 + 10.5 − 4.8 = dakika 5.7. Wa tatu: 5.7 + 4.8 − 0.9 = 9.6. Wa nne: 9.6 + 1.7 − 10.5 = 0.8. Wa tano: 0.8 + 6.6 − 25.3 ni hasi, kwa hiyo sifuri.

Mtazame mteja wa tatu. Yeye mwenyewe ana mzigo mdogo, wa dakika 1.7 tu, lakini kasubiri karibu dakika 10 kwa sababu ya wawili waliomtangulia. Na zile dakika nyingi ambazo mashine ilikaa bure kabla ya mteja wa tano hazikumfaa mtu.

Hatua ya 4: Andika programu

```
import random

def foleni(wateja, pengo, kusaga, mbegu):
    r = random.Random(mbegu)
    subira = 0.0
    jumla = 0.0
    for i in range(wateja):
        jumla += subira
        s = r.expovariate(1 / kusaga)
        a = r.expovariate(1 / pengo)
        subira = max(0.0, subira + s - a)
    return jumla / wateja
```

Amri ya expovariate inataka moja gawanya kwa wastani, haitaki wastani wenyewe. Ukiandika expovariate(8) programu itakwenda bila kulalamika, na majibu yatakuwa ya ovyo.

Mbegu ni namba ya kuanzia. Mbegu ileile hutoa mfululizo uleule, kwa hiyo mwenzako aliyeko Iringa akiiendesha programu yako kwa mbegu yako anapata jibu lako. Iandike mbegu pamoja na matokeo kila mara.

Hatua ya 5: Ipime dhidi ya kanuni

Kwa mapengo na muda wa kusaga vya namna hii, mashine ikiwa moja na kazi ikiendelea bila kikomo, wastani wa subira unajulikana: kwa dakika 10 na 8 ni dakika 32. Endesha foleni(1000000, 10, 8, 1). Unapaswa kupata namba iliyo karibu na 32, ikipungua au kuzidi kwa sehemu ya dakika. Ukipata 24 au 40, rudi kwenye programu, kuna kosa.

Sasa badilisha 8 iwe 9. Kanuni inasema dakika 81. Umeongeza dakika moja ya kusaga, subira imepanda kutoka 32 hadi 81! Hapo ndipo swali la mwenye mashine linapopata sura yake. Mashine inayofanya kazi asilimia 90 ya muda haina nafasi ya kupumua, na kila kundi la wateja linaloingia kwa pamoja linachukua saa nyingi kumalizika.

Jaribu pia kuweka s = kusaga, yaani kila mteja dakika 9 kamili bila kupungua wala kuzidi. Subira inashuka hadi dakika 40 na nusu, nusu kamili ya ile ya kwanza. Nusu nyingine ilikuwa inatokana na tofauti ya mizigo peke yake. Kwa hiyo kuwatenga wenye magunia na wenye debe ni suala la kulipima kabla ya kutoa fedha za kununua chochote.

Hatua ya 6: Rudi kwenye siku halisi

Wengi wanaishia hapo juu, na hawapaswi. Zile dakika 81 ni za mashine isiyofungwa kamwe. Mashine ya Uyole inafunguliwa asubuhi bila foleni na jioni inafungwa. Foleni kubwa huchukua muda kujijenga, na kwa mzigo wa asilimia 90 siku moja haitoshi ifike kimo chake. Kwa hiyo iga siku, moja moja, kila moja ikianza na sifuri:

```
import statistics

siku = [foleni(60, 10, 9, m) for m in range(2000)]
wastani = statistics.mean(siku)
kosa = statistics.stdev(siku) / len(siku) ** 0.5
print(wastani, kosa)
```

Wateja 60 ni kama saa kumi za kazi. Wastani utatoka chini ya 81, na huo ndio wa kumpelekea mwenye mashine. Chora pia hizo siku 2000 kwa mafungu uone zilivyotawanyika: siku nyepesi ni nyingi, na chache ni za mateso. Wateja wanaokuhama wanakuhama kwa sababu ya hizo chache.

Kosa, yaani kiasi ambacho wastani huo unaweza kupotoka kwa bahati tu, nimelihesabu kwa siku, sikulihesabu kwa wateja, na nina sababu. Wateja wa siku moja wanafuatana: aliyesubiri sana humwachia foleni anayemfuata. Ukiwahesabu kama watu 120,000 wasiohusiana, utajidanganya kwamba una uhakika mkubwa kuliko ulionao. Siku na siku hazihusiani, hizo ndizo za kuhesabu. Ukitaka kosa lipungue nusu, ongeza siku mara nne. Ukitaka tarakimu moja zaidi ya uhakika, mara mia.

Lakini siku nyingi haziponyi data mbaya. Badala ya expovariate kwa kusaga, weka dakika zako za daftari kwenye orodha na uandike r.choice(daftari). Wateja wa jioni wakiwa wengi kuliko wa mchana, badilisha pengo kadiri saa inavyokwenda. Muda uliotumia pale kwenye benchi utakufaa kuliko kuongeza siku za kuiga kutoka 2000 hadi milioni.

Hatua ya 7: Linganisha mashine moja na mbili

```
def mashine_nyingi(wateja, pengo, kusaga, n, mbegu):
    r = random.Random(mbegu)
    huru = [0.0] * n
    saa = 0.0
    jumla = 0.0
    for i in range(wateja):
        s = r.expovariate(1 / kusaga)
        k = huru.index(min(huru))
        anza = max(saa, huru[k])
        jumla += anza - saa
        huru[k] = anza + s
        saa += r.expovariate(1 / pengo)
    return jumla / wateja
```

Orodha ya huru inashika saa ambayo kila mashine itamaliza kazi, na mteja anapelekwa kwenye itakayomaliza mapema. Weka n = 1, yaani mashine moja, na mbegu ileile ya mwanzo: jibu lazima lilingane na la programu ya kwanza, ukiacha tofauti ya tarakimu za mwisho kabisa. Kisha weka 2.

Unapolinganisha, tumia mbegu zilezile pande zote mbili, siku kwa siku. Hapo wateja ni walewale, wamekuja saa zilezile na mizigo ileile. Kilichobadilika ni mashine tu. Toa jibu moja kwa jingine kwa kila siku, halafu tafuta wastani wa hizo tofauti. Utahitaji siku chache zaidi kuliko ukitumia bahati tofauti kila upande.

Kwa kazi isiyo na kikomo, mashine mbili za dakika 9 zinaishusha subira kutoka dakika 81 hadi 2 na kidogo. Mashine moja yenye kasi maradufu, dakika 4 na nusu kwa mteja, inatoa subira ya dakika 3.7. Anayetazama benchi atachagua mbili. Lakini mteja anahesabu tangu afike hadi aondoke na unga wake: kwa mbili ni dakika 11.3, kwa ile moja ya kasi ni 8.2. Halafu ongeza mkanda kukatika, kama ulivyouandika kwenye daftari, na ile moja ya kasi inaacha kila mtu amesimama mpaka fundi afike, wakati mbili zinabaki na moja inayosaga. Hitilafu zikitokea mara ngapi ndipo mbili zinaipita moja, hilo unalipata kwa kuingiza rekodi zako ndani ya mzunguko wa programu hii na kuiendesha upya kwa mbegu zilezile.