Redio mpya inawaka ila spika kimya? Cheki waya wa bluu

Wale mnaotoa redio ya zamani kwenye Harrier au gari lingine lililokuja na ampu yake ya kiwandani, yaani kifaa cha kukuza sauti (zile zenye spika za JBL mara nyingi ndo hivyo), ukifunga redio mpya ikawaka vizuri, skrini inaonyesha wimbo unacheza lakini spika ziko kimya kabisa, usikimbilie kusema redio mbovu. Mara nyingi ampu haijaamshwa tu. Nyuma ya redio kuna waya wa bluu wenye mstari mweupe, huo ndo wa rimoti (wa kuamshia ampu, sio rimoti ya mkononi), unatoa volti 12 redio ikiwashwa, unganisha na waya wa kuwashia ampu ya gari. Usiuchanganye na ule wa bluu mtupu, huo kawaida ni wa antena, na redio nyingine zinaukatia umeme ukihama FM, so ukiweka bluetooth kimya tena, mi huo ulinisumbua wiki nzima.

Kingine, sauti ikiwa na mvumo wa shhh muda wote huenda umeingiza waya za spika za redio moja kwa moja kwenye ampu, tumia waya za RCA (zile za sauti zenye plagi ya duara) kama ampu yako inapokea. Na waya hasi za spika usiziunganishe na bodi ya gari, unaweza kuua redio.