Umekatwa kwenye zabuni? Siku tano za kazi ulizonazo zitumie hivi

Notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anatarajiwa kupewa mkataba, ikishaingia kwenye akaunti yako ya NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa Tanzania kwa njia ya mtandao, siku zimeanza kuhesabiwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inakupa siku 5 za kazi kuwasilisha malalamiko. Sheria iliyotangulia ilikuwa inatoa 7, na anayeendelea kuhesabu 7 anajikuta nje ya mlango.

Hesabu inaanza siku inayofuata. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo. Chukua notisi ya Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025. Ijumaa ilikuwa Nane Nane, ofisi zimefungwa na watu wako Njiro, Arusha, kwenye maonyesho. Siku ya kwanza ni Jumatatu tarehe 11, ya tano ni Ijumaa tarehe 15. Ukija Jumatatu tarehe 18 umechelewa, hata hoja yako iwe nzito vipi. Kwa hiyo akaunti ya NeST ifunguliwe kila siku ya kazi, na asiachiwe kijana mmoja wa ofisini ambaye akisafiri hakuna mwingine mwenye nywila.

Isome notisi taratibu. Inapaswa kutaja mshindi, bei yake, muda wa utekelezaji, na sababu ya wewe kutoshinda. Ukikuta imeandikwa tu "hakukidhi vigezo", huo upungufu nao ni hoja. Omba ufafanuzi, lakini usikae kusubiri jibu.

Kisha fungua nyaraka za zabuni. Hapa ndipo malalamiko yanaposimama au kuanguka. Kamati ya tathmini inafungwa na vigezo vilivyomo kwenye nyaraka hizo. Ikikukata kwa kigezo ambacho hakimo, au ikikibana kigezo kwako na kukilegeza kwa mwenzako, hapo una kesi. Bei yako kuwa ya chini peke yake si kesi, kwa sababu zabuni isiyokidhi masharti haifiki kwenye kulinganishwa bei. Wazabuni wengi wanakwama hapo.

Kila hoja iandike kwa mpangilio huu: sharti lilisemaje, wewe ulileta nini, wao wamesema nini, unaomba nini. Tuseme umekatwa kwa kukosa uzoefu wa kazi zinazofanana:

"Kigezo cha uzoefu kinataka mikataba 2 ya barabara za changarawe ndani ya miaka 5. Tuliwasilisha mikataba 2 pamoja na hati za kukamilisha kazi, kwenye sehemu ya uzoefu ndani ya mfumo. Notisi inasema hatuna uzoefu. Tunaomba tathmini irudiwe kwa kufuata kigezo hicho."

Inatosha. Maneno kama "tumeonewa" hayaongezi kitu. Kabla ya kuandika, hakikisha kiambatisho kilipandishwa mahali palipotakiwa. Hati iliyowekwa sehemu nyingine ya mfumo huleta ubishi mkubwa, na mara nyingi mzabuni ndiye anayeumia.

Malalamiko yanakwenda kwa afisa masuhuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, kupitia NeST. Kwa Jiji la Arusha huyo ni Mkurugenzi wa Jiji. Kwa Moshi, Mkurugenzi wa Manispaa. Siyo kitengo cha ununuzi, siyo bodi ya zabuni, siyo ofisi ya mkuu wa mkoa. Ukiwa na ushahidi wa rushwa, peleka TAKUKURU, ila kufanya hivyo hakusimamishi siku zako. Tia hoja zako zote kwenye malalamiko hayo, maana hoja ambayo hukumpelekea afisa masuhuli ni vigumu sana kuichomeka baadaye kwenye rufani.

Afisa masuhuli naye ana siku 5 za kazi kutoa uamuzi wa maandishi, na mchakato unasimama wakati huo. Usiporidhika, au akikaa kimya siku zake zikaisha, una siku nyingine 5 za kazi kukata rufani Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma, PPAA, iliyoko Dodoma. Ukimya huo ndio unaowamaliza wengi: mtu anaendelea kungoja barua huku dirisha la rufani linafungwa. Ukikuta mkataba umeshaanza kufanya kazi, afisa masuhuli hana tena mamlaka ya kusikiliza malalamiko. Nenda PPAA moja kwa moja. Lipa ada kwa namba ya malipo ya serikali na utunze stakabadhi.

PPAA ina siku 40 za kuamua. Inaweza kufuta tuzo, kuagiza tathmini irudiwe au zabuni itangazwe upya, na kuamuru ulipwe gharama halali ulizoingia kwenye zabuni. Faida uliyotegemea kuipata kwenye mkataba usiitarajie. Hukumu zake za nyuma zinapatikana kwenye tovuti yake. Tafuta mbili tatu zinazofanana na shauri lako kabla hujalipa ada, uone hoja kama yako iliishia wapi.

Asiyeridhika na uamuzi wa PPAA, wewe au taasisi, anaomba mapitio Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Huko mahakama inaangalia kama sheria na utaratibu vilifuatwa, haikai kupanga upya alama za wazabuni, kwa hiyo tafuta wakili anayezijua kesi za ununuzi mapema, kabla uamuzi haujatoka.