Somo: Aya Ishikane, kwa Mfano wa Mkonge

Wiki hii nimesahihisha rasimu za wanafunzi hapa Tanga. Kilichonisumbua zaidi hakikuwa tahajia. Tazameni aya hii, nimeitunga kufuata zile nilizosoma:

"Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mji wa Tanga ulikua. Ulipoporomoka miaka ya 1960, wengi walikosa kazi."

Kilichoporomoka ni mkonge au mji? Nomino zote mbili ni za ngeli ya U-I, kwa hiyo ile "u" yaweza kuwa ya yoyote kati ya hizo. Mwandishi anajua, msomaji anabahatisha.

Hatua ya 1. Andika pembeni ya kila aya jambo moja inalosema. Yakitokea mawili, igawe. Hapo umeanza kujenga muwala, yaani mawazo kushikana.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi. Zungushia kila "u-", "i-", "hiyo", "huo", halafu chora mshale hadi kwenye nomino yake. Mshale ukipata pa kwenda pawili, itaje nomino upya. Msiogope kurudia neno. Bora "mkonge" mara tatu kuliko "mkonge", "zao hilo", "dhahabu ya kijani", msomaji akadhani ni vitu vitatu.

Hatua ya 3. Anza sentensi na kinachojulikana, kipya kije mwishoni:

"Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mashamba ya mkonge yaliukuza mji wa Tanga, maana nyuzi zilisafirishwa kupitia bandari yake. Bei ya nyuzi hizo ilipoporomoka miaka ya 1960 kwa ushindani wa nyuzi za plastiki, wengi walikosa kazi mashambani."

Hatua ya 4. Soma kwa sauti. Ulimi ukikwama, rekebisha.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Niliambiwa kila sentensi ianze na kiunganishi ili kuwe na mtiririko. Ni kweli?

Marahaba. Hapana. "Hivyo basi" inadai kwamba sababu imeshatajwa. Kama haijatajwa, umemdanganya msomaji. Kifute kiunganishi, usome tena. Maana isipopungua, kiache nje.

Mwalimu, chuoni tunaandika kwa Kiingereza. Mishale inafaa huko?

Tena sana. Kiingereza hakina ngeli kama zetu, kiwakilishi kimoja, "it", hubeba mkonge, bei na bandari. Kwa Kiswahili "u" na "i" walau zinakupunguzia wa kuwashuku. Huko, taja nomino mara nyingi zaidi.